Mwanamke Mwenye Kisu

Nilifika Johannesburg miguu mitupu. Njia ilikuwa ndefu kuliko nilivyoambiwa Tanga: basi hadi Tunduma, kisha miezi ya kuchora mabango ya vinyozi huko Ndola na Lusaka ili nipate nauli ya kusonga mbele, halafu lori la matairi chakavu hadi Harare, na mwisho mto Limpopo, ambao watu kama mimi tunauvuka pale pasipo na daraja. Ng'ambo, vichakani, vijana walikuwa wakitungoja. Mwenzangu wa safari, Mmalawi aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisa tangu tupande lori, aligoma kutoa simu yake. Walimpiga mguu kwa nondo hadi nikasikia mfupa ukilia. Mimi nilivua viatu kabla sijaambiwa. Walipofungua begi langu walikuta brashi za rangi zimefungwa kwenye kitambaa. Mmoja akazinusa, akawaambia wenzake neno, wakacheka wote, akanitupia usoni. Lugha yao sikuijua, ila kicheko kile nilikielewa. Nilimbeba yule Mmalawi mgongoni hadi barabarani, akachukuliwa na gari la shamba kwenda hospitali, na sikumwona tena.

Ndivyo nilivyoingia mjini, na brashi zangu na miiba kwenye nyayo.

Nilipanga chumba mtaa wa La Rochelle, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mreno ambaye hakujishughulisha na jina langu. Aliniita Rangi. Nilichora mabango ya saluni za Wakongo kule Rosettenville, ya spaza, yale maduka madogo ya mitaani, ya mafundi cherehani, ya makanisa yanayosalia kwenye gereji. Wakongo waliniita fundi. Watanzania wenzangu waliniita msanii, hasa walipotaka niwachoree bure.

Siku moja, kipupwe kimekausha midomo ya kila mtu, nikaitwa na Mama Furaha. Huyu alikuwa mwanamke wa Bukavu, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani, naye akageuka. Alilea watoto wa wahamiaji katika gereji kubwa aliyoigeuza kreshi: wazazi wakienda kusuka nywele na kulinda maduka, watoto wanabaki kwake.

"Fundi," aliniambia, "minataka ukuta wote, kutoka mlango mpaka kwa dirisha. Batoto bamechoka kuangalia saruji."

"Nikuchoree nini? Simba? Twiga?"

"Simba na twiga biko kwa kila kreshi. Miye nimepata ya zamani, ya Bazungu. Angalia."

Akafungua bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na kurasa alizozinunua kandokando ya barabara Braamfontein, karibu na chuo kikuu, kwa muuza vitabu aliyepasua kitabu kibovu na kukiuza ukurasa mmoja mmoja. Kabla macho hayajaona kitu, harufu ilinifikia: gundi iliyozeeka, vanishi, vumbi lenye utamu wa mbali. Mkono wangu wa kushoto ulipanda wenyewe ukafunika sikio.

"Sikio inauma?" Mama Furaha aliuliza.

Sikujua hata kama nimelifunika. Ukurasa wa juu ulikuwa na mwanamke wa Kizungu mwenye kofia nyeupe ya kitambaa na mashavu mekundu, kainua kisu kirefu cha jikoni, sketi imepepea kwa kukimbia. Mbele yake panya watatu waliovaa miwani myeusi, wenye vifimbo vya vipofu, walikuwa wakikimbia hovyo. Nilikuwa nimelala chini ya picha ile mwaka mzima wa utoto wangu.

Baba yangu mzazi alikuwa mkata mkonge katika shamba moja kubwa bara ya Tanga. Alikufa kwa homa kabla sijaanza shule, akatuachia kisu chake cha kazi kilichofungwa kwenye gunia. Kabla ya hapo, alipokuwa mgonjwa, Mama alikuwa akienda kumsaidia shambani, naye alimfundisha kukata. Jani la mkonge lina mwiba nchani, mgumu kama msumari. Mkataji mgeni huinamia shina kwanza, na mwiba humwingia jichoni. "Kata mwiba kwanza," Baba alimwambia Mama, kila asubuhi kana kwamba hajawahi kumwambia, "halafu ndiyo uiname." Mama alipokuwa akitusimulia habari za Baba, hilo ndilo lililokuja mwanzo, hata kabla ya sura yake.

Mimi na mdogo wangu Mwanaidi tulikuwa bado wadogo Mama alipoolewa na nyapara mkuu wa shamba. Nadhani hakuwa na namna. Nyumba za kambi zilikuwa za wafanyakazi, na mfanyakazi wetu alikuwa kaburini. Tulihama kambini kwa miguu, godoro kichwani, hadi kwenye nyumba iliyokuwa ya meneja. Wazungu walikwisha kuondoka zamani. Nyumba ilikuwa imegawanywa kwa familia kadhaa, na Nyapara alipewa vyumba vya nyuma. Hata nyumbani tulimwita hivyo hivyo, Nyapara. Mama pia. "Nyapara, chakula tayari." "Nyapara, maji ya kuoga yako nje." Hakuwa mlevi. Hakupiga kelele. Alikuwa mtu msafi, aliyepiga pasi shati lake mwenyewe, na alitembea na ufito wa kupimia mizigo ya mkonge, ambao usiku aliuegemeza kwenye kona kama mtu anavyoegemeza mwavuli.

Chumba tulichopewa sisi kilikuwa cha watoto wa meneja. Picha zilikuwa zimebandikwa ukutani kukizunguka chote, usawa wa macho ya mtoto, zikapakwa vanishi iliyogeuka rangi ya asali. Chini ya kila picha kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Hakuna aliyeweza kuyasoma, lakini Nyapara aliyapitishia kidole polepole, midomo ikicheza, kisha akatugeukia na kutueleza.

"Hizi," alisema siku ya kwanza, "ni sheria za nyumba hii. Mzungu hakuzibandika kwa mapambo. Mzungu hafanyi jambo la bure."

Tulimwamini. Ukizitazama picha zile huku umeambiwa ni sheria, huoni kitu kingine. Kulikuwa na bibi kizee aliyeishi ndani ya kiatu kikubwa, anawachapa watoto wengi kwa mkwaju huku mabakuli yao ni matupu. Kulikuwa na mvulana aliyebeba nguruwe wa wizi kwapani, anakimbizwa mtaani. Kitanda cha mtoto mchanga kilikuwa kinaanguka kutoka juu ya mti, na mtoto bado yumo. Mvulana na msichana walikuwa wanabiringika mlimani na ndoo yao, paji la uso la mvulana limepasuka. Yai kubwa lenye suruali na mkanda lilikuwa linadondoka ukutani mbele ya askari. Mwanamke alikuwa amefungiwa ndani ya boga, anachungulia kwenye kidirisha. Mwanaidi alidhani ana kibanda cha kuuza vitu na akawa anamwonea wivu. Mimi nilidhani lile yai ndilo meneja mwenyewe, kwa sababu ya upara. Kwa hesabu yangu ya kitoto, Wazungu waliondoka nchini kwa kuwa walikwisha kuadhibiana wote.

Jumapili mchana korona, ile mashine ya kukamua mkonge, ilizimwa, na ukimya ulishuka juu ya shamba pamoja na harufu chachu ya makapi. Hapo Nyapara aliingia chumbani kwetu na ufito. "Ukuta umemwita nani?" aliuliza. Kisha akajijibu. Kosa la kuiba sukari lilikuwa la nguruwe: unakumbatia jiwe kwapani, unazunguka uani mbio, yeye amesimama katikati anakuchapa kila ukipita. Kosa la uvivu lilikuwa la yai: unasimamishwa juu ya ukuta wa baraza, mikono nyuma, jua la saa saba, hadi udondoke. Mimi nilidondoka kifudifudi, na nusu ya jino langu la mbele ilibaki kwenye saruji ya meneja. Boga lilikuwa la Mama. Alifungiwa stoo ya makaa, na sisi tulikatazwa kumpelekea maji. Alipotoka macho yalikuwa meupe kwenye uso mweusi kwa vumbi, na alituuliza kama tumekula.

Picha ya mwanamke mwenye kisu alituonyesha akiwa amechuchumaa, kwa upole, kama mwalimu. "Hawa panya waliona mambo ya ndani wakaenda kuyasema nje," alisema. "Ndiyo maana wana miwani. Macho walishafungwa. Sasa anawakata mikia." Akatutazama mmoja mmoja. "Hii sijawahi kuitumia."

Mwaka mzima hakuitumia. Mimi ndiye niliyelala chini yake.

Kisha Mwanaidi akamwaga ndoo ya maji mlangoni. Nyapara hakungoja Jumapili. Alimshika mkono, akampa ndoo, akampandisha kwenye kilima cha makapi nyuma ya kiwanda, kirefu kama nyumba na chenye utelezi, akamwambia ashuke kama wale wa kwenye picha. Mwanaidi alisita. Nyapara alimsukuma kwa unyayo wa kiatu, taratibu, jinsi mtu anavyosukuma mlango ambao haukufungwa vizuri. Nilikuwa chini. Nilimwona akija na ndoo, ndoo juu, yeye juu, na alipofika miguuni pangu mkono wake mmoja ulikuwa unaning'inia vibaya. Mtulinga ulikuwa umevunjika.

Dresa wa zahanati ya shamba alikuwa mtu mpole. Alimfunga bandeji, akamuuliza, "Umeangukaje, binti yangu?"

"Sikuanguka," Mwanaidi alisema. "Ni picha ya ndoo."

Na akamweleza. Alimweleza picha zote, mojamoja, kwa fahari, kama mtoto anavyoeleza mchezo wa kwao kwa mgeni. Mama alikuwa amesimama pale na hakumnyamazisha. Nilimtazama nikitaka amnyamazishe.

Jioni ile dresa alikuja barazani kwetu, kofia mkononi. "Nyapara, samahani," alisema, "mtoto kasema maneno, nikaona nisikae nayo." Alidhani anatusaidia. Nyapara alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaagiza chai, wakaongea habari za mvua. Dresa alipokwenda zake, Nyapara aliingia chumbani akaweka kidole juu ya kisu cha mwanamke yule.

"Jumapili," alisema.

Mama aliuliza, kwa sauti ndogo, "Nyapara, utamkata nini? Mtoto huyu?"

"Binadamu hana mkia," alijibu. "Ana sikio. Na kapewa mawili, hatapungukiwa."

Siku zilizofuata Mama aliendelea na kazi zake. Alikwenda kuanika singa za mkonge kwenye nyaya kama kawaida, akarudi, akapika. Mwanaidi alikuwa na swali moja tu: je, sikio likikatwa, hereni atavaa wapi? Usiku hakulala, na alinitaka niwachore wale panya. Nilichukua kipande cha mkaa nikawachora sakafuni, kwenye mwanga wa koroboi. "Wape mikia," alisema. Nikawapa. "Mirefu." Nikaivuta mikia hadi ikapita chini ya kitanda. Sikuwahi kuchora kabla ya hapo. Kazi yote niliyoifanya baadaye, kila bango la kinyozi kuanzia Ndola hadi Johannesburg, ilianzia kwenye mikia ile.

Jumapili ilifika na korona ikazimwa. Nyapara alikaa kwenye ngazi ya nyuma akinoa kisu juu ya jiwe, akikijaribu kwa unywele wa mkono wake. Familia za vyumba vingine zilikuwa zikisikia. Mtu mmoja aliongeza sauti ya redio, mpira wa miguu. Mama alikuwa jikoni na wali motoni. Nyapara alimwita Mwanaidi, akamsimamisha ukutani, chini ya picha, sikio sawasawa na wale panya. Mkono wa upande uliovunjika ulikuwa kifuani kwenye bandeji. Mimi niliamriwa nisimame mlangoni nitazame, maana sheria isiyo na shahidi haifundishi mtu.

Alilikamata sikio kwa vidole viwili akalivuta. Mwanaidi hakulia. Alifumba macho, na niliona anajaribu kusimama kama panya, wima, kimya. Kisu kiligusa. Ukaonekana mstari mwembamba wa damu, mwembamba kama wa kalamu.

Nilisukumwa kutoka nyuma nikaanguka magotini. Mama alipita juu yangu. Mkononi alikuwa na kisu cha Baba, kile kipana cha mkonge, na kipande cha gunia bado kimeng'ang'ania mpinini. Hakwenda shingoni kwa Nyapara, wala kifuani, ambako mtu mwingine yeyote angekwenda. Alipiga mkono ulioshika kisu. Mwiba kwanza. Nilisikia sauti ileile niliyoisikia shambani kila asubuhi, ya jani bichi kukatika, na kisu cha Nyapara kikaanguka sakafuni juu ya panya wangu wa mkaa, na vidole viwili pamoja nacho.

Nyapara hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake kama anavyotazama mzigo uliofungwa vibaya. Kisha akaurukia ufito kwa mkono wa kushoto, akampiga Mama usoni, mara ya kwanza, mara ya pili, na nyusi ya Mama ikapasuka. Mama hakurudi nyuma. Alimchanja bega, na alipojaribu kuinua ufito tena alimchanja mkono hadi akauacha, akateleza kwenye damu yake, akakaa chini akiegemea ukuta wa sheria zake. Vanishi ilikuwa imerushiwa damu kutoka kwenye kiatu hadi kwenye boga.

"Umeniharibia mkono wa kazi," alisema.

"Ndio niliouendea," Mama alimjibu.

Alikuwa bado kakiinua kisu. Kanga yake ya zambarau ilikuwa imetoka begani inapepea kwa upepo wa dirishani, mdomo wazi, mashavu mekundu kwa damu ya nyusi. Nyuma ya kichwa chake, ukutani, mwanamke wa Kizungu alikuwa kasimama vilevile. Niliwatazama wote wawili. Mwaka mzima nililala nikidhani yule wa ukutani anatujia sisi.

Tuliondoka saa ileile. Mama hakufungasha nguo. Alirudi jikoni, akachukua sufuria ya wali kwa vitambaa, kwa sababu, alisema, hatamwachia mtu yule wali wake. Tulipita barazani. Redio ilizimwa na milango ikafungwa. Tulifuata reli ya vitoroli katikati ya mkonge hadi barabara kuu, Mwanaidi amebanwa na Mama ubavuni, mimi na sufuria kichwani inayoniunguza. Lori la machungwa kutoka Muheza lilisimama. Dereva alimtazama Mama, akatutazama sisi, akafungua mlango. Tulipokwisha kwenda mwendo fulani ndipo akasema, kwa heshima, "Dada, hicho kisu kiweke chini. Mbele kuna mashimo." Mama akakiweka.

Nyapara hakutufuata. Tulisikia baadaye kwamba alinyang'anywa unyapara, maana hakuweza tena kushika ufito na kalamu kwa pamoja. Mama aliishi Tanga hadi uzeeni akiuza maandazi, na Jumapili ile hakuizungumza. Sikio la Mwanaidi lilipona likabaki na alama kama ukucha. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, kisha nikaanza kuhamahama, na sijui kukaa.

Yote hayo yalinipitia nikiwa nimesimama kwenye gereji ya Mama Furaha na ukurasa mkononi.

"Iyi ya kisu uache," alisema, akaninyang'anya. "Bazazi batasema nini? Zile zingine chora."

Nilishukuru moyoni. Nilizigawa picha kwa miraba ya penseli, nikaihamisha miraba ukutani kwa chaki, kama nilivyozoea, na nikaacha nafasi tupu karibu na mlango. Watoto walikaa nyuma yangu kwenye mikeka wakinikosoa kwa Kiingereza na Kizulu. Kiswahili walikielewa, ila kukijibu walikuwa wavivu. Nilipomaliza yai, msichana mmoja mdogo aliyeitwa Bahati alipanda juu ya benchi, akaweka mikono nyuma, akajidondosha kwenye godoro. Kundi zima likacheka. Wakapanga foleni. Kila mmoja alipanda, akasimama kama yai, akadondoka, wakiimba wimbo wa yai lile, ambao walimu wao waliwafundisha na ambao watoto wa meneja bila shaka waliuimba pia chumbani kwetu. Nilishuka ngazini nikakaa. Ulimi ulikuwa unatafuta lile jino lililovunjika.

"Fundi, ni nini?" Mama Furaha aliuliza.

"Huu ni mchezo?"

"Ni muchezo. Picha zote ni nyimbo za batoto ba Bazungu. Ulifikiri ni nini?"

Jioni nilimpigia Mwanaidi Tanga. Sasa ni bibi wa watu, anaongea kwa amri.

"Kaka, wewe mwehu," alisema. "Umevuka nchi zote hizo ukachore nyumba ya Nyapara? Yai lipo?"

"Lipo."

"Na suruali yake?"

"Na mkanda."

"Nililipenda sana lile yai. Lilikuwa linaanguka na bado limevaa vizuri." Akacheka. "Na Mama je?"

Nilijua anamuuliza nani. "Mwenye kreshi hataki. Kwa sababu ya kisu."

"Mwenye kreshi hamjui. Mchore. Mvike kanga ya zambarau."

Nilimchora siku moja ya mapumziko, kreshi imefungwa. Sikugawa miraba, huyu sikuhitaji kumpimia. Nilimweka karibu na mlango, ameuelekea mlango, mweusi, nyusi imepasuka, kanga inapepea. Maneno ya kanga sikuyaandika kwa kuwa siyakumbuki. Wale panya sikuwaweka mbele yake. Niliwapanga nyuma ya kanga, bila miwani, na mikia yao niliivuta chini ya ukuta, chini ya yai na boga na kiatu, hadi dirishani.

Mama Furaha alipofungua asubuhi iliyofuata alikutana na yule mwanamke uso kwa uso. "Nilikuambia uache."

Nikamweleza, kwa kifupi, huku nikiosha brashi. Hakunitazama. Alikuwa ametoka Bukavu kwa sababu zake, ambazo hakuwahi kunieleza na sikumuuliza. Alikigusa kile kisu kwa ncha ya kidole kuona kama rangi imekauka.

"Basi abaki," alisema.

Alibaki miaka. Kisha zikaja zile wiki za vurugu dhidi yetu wageni. Wanaume walipanda mtaa wetu na marungu na vipande vya bomba, wakiimba. Nilikuwa nje ya saluni moja Rosettenville ninapaka herufi za mwisho. Waling'oa bango langu na kulitumia kuvunjia kioo cha saluni. Fundi cherehani wa jirani, mzee wa Lubumbashi, alitolewa nje akapigwa kwa pasi yake mwenyewe hadi akaacha kujikinga. Nilijaribu kumvuta mguu nimwingize uchochoroni, nikapigwa jiwe juu ya sikio la kushoto, nikaanguka naye. Tulilala pale tumejifanya wafu, na nadhani yeye hakuwa anajifanya sana. Alipona, ila mkono haukurudi kwenye cherehani. Ngazi yangu na makopo yangu yalichomwa barabarani, na rangi iliwaka kijani, buluu, kijani. Nilipofika kwangu yule bibi Mreno alinifungulia geti, akanifunga kichwa kwa taulo la jikoni, akasema, "Rangi, enda kwenu." Hakusema kwa ubaya.

Nilikaa hadi kidonda kikafunga. Ndugu wengi walirudi kwenye maduka yao wakaanza kufagia vioo. Mimi nilijua miguu yangu imekwisha kuamua.

Siku niliyoondoka kabisa nilipitia kreshi kuaga. Mlango wa chuma wa gereji ulikuwa na mabonde mapya, mengi, kwa nje.

"Siku ile balikuja mpaka hapa," Mama Furaha alisema. "Balipiga, balipiga. Miye nilikamata mulango kwa mugongo. Nikasema sasa batoto batalia, na bale batajua kama tuko ndani." Akaelekeza kidevu karibu na mlango. "Bote balienda kukaa pale, katikati ya panya. Hakuna mwenye alibaambia. Balikaa kimya, balishikamana, mpaka bale bantu bakachoka bakaenda."

Nilikwenda kutazama. Pale chini, usawa wa mtoto, ukuta ulikuwa umechakaa. Mikia ya panya ilikuwa imefifia kwa kukaliwa. Na kisu, ambacho nilikichora kimeinamishwa kiasi cha kufikiwa na mkono mdogo, kilikuwa kimeguswa sana hata rangi ya fedha ikatoka makalini, saruji ikaonekana. Bahati, ambaye alikuwa amekua na mwaka ule angeanza shule, alikuja akasimama kando yangu.

"Hakati tena, uncle," aliniambia, kwa Kiswahili.

Basi langu lilikuwa la mchana. Nilikuwa na kopo moja tu lililonusurika, na kwa bahati lilikuwa la rangi ya fedha. Nikapiga magoti, nikalifungua, nikachovya brashi ndogo kuliko zote. Nilianzia mpinini nikaenda nchani, polepole, mara mbili, hadi makali yakarudi. Nikamwachia Bahati kopo. Kisha nikatoka kwa mlango ule uliopondeka, na yeye nyuma yangu amekilinda kisu kwa viganja viwili, kisiguswe mpaka kikauke.